Smith si ukoo: dhana potofu kuhusu jina la Kiingereza tunalolisikia kila siku

Mpwa wangu alikuwa akijaza fomu ya chuo, akakwama kwenye kisanduku kilichoandikwa "jina la ukoo". Kwenye cheti chake cha kuzaliwa kuna jina lake, la baba na la babu, basi. Ukoo wetu tunaujua, lakini hatuuandiki popote. Akaniuliza, "Mjomba, kwani hawa akina Smith wote ni ukoo mmoja?"

Nililipenda swali hilo, kwa sababu kosa limo kwenye tafsiri yetu wenyewe. Jina la mwisho la Mwingereza tumezoea kuliita jina la ukoo, na neno "ukoo" likishaingia tunaona babu mmoja, shina moja, pengine na miiko yake. Kwa Smith, picha hiyo inatupoteza kabisa.

"Akina Smith wote wametoka kwa babu mmoja"

Hapana. Smith maana yake ni mhunzi, mfua chuma. Katika Uingereza ya zama za kati, karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake: ndiye aliyetengeneza ncha za plau, mundu, bawaba za milango, akawavisha farasi chuma kwenye kwato. Watu nao walikuwa na majina machache ya ubatizo. Kijijini kukiwa na akina John watano, lazima wapambanuliwe: John wa kilimani, John mwana wa Robert, John mhunzi. Ni lakabu tu, kama sisi tunavyosema Juma Fundi au Ali Sonara ili msikilizaji ajue ni Juma yupi na Ali yupi.

Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, desturi ya kurithisha lakabu ilianza kwa wakubwa wenye mashamba, ikashuka kwa watu wa kawaida pole pole, hasa kati ya karne ya 12 na ya 14. Mtoto wa mhunzi akabaki Smith hata kama yeye alichunga kondoo. Kwa hiyo jina hili halikuzaliwa mara moja. Lilizaliwa mamia ya mara, kila kijiji kivyake, baina ya watu wasiojuana.

Damu nayo inashuhudia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2009 utafiti wa kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, njia ileile inayopitia jina. Kwa majina adimu kama Attenborough, wanaume wengi walionekana kuwa na chimbuko moja. Kwa Smith, wawili wenye jina hilo hawakuonekana kuwa karibu zaidi ya watu wawili waliokutana njiani.

"Ni wengi kwa sababu wahunzi walikuwa wengi kuliko watu wa kazi nyingine"

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanapoteleza. Kazi iliyokuwa na watu wengi kuliko zote ilikuwa kilimo. Mbona basi jina la mkulima halikuongoza? Kwa sababu lakabu inafaa pale tu inapomtenga mtu na wenzake. Ukisema "John mkulima" katika kijiji cha wakulima, hujasema kitu. Ukisema "John mhunzi", kila mtu anajua ni nani, maana mhunzi ni mmoja, au wawili wakizidi. Uchache wake kijijini ndio uliolifanya jina lake lishike, na wingi wa vijiji ndio uliolifanya lienee nchi nzima.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Neno lenyewe lilikuwa moja takriban Uingereza nzima. Angalia kwa kulinganisha kazi ya kukanyaga kitambaa cha sufu majini ili kikaze. Kaskazini aliyeifanya aliitwa Walker, kusini-magharibi Tucker, kusini-mashariki Fuller. Kazi moja, majina matatu, hesabu ikagawanyika mara tatu. Ya mhunzi haikugawanyika.

Wengine husimulia kwamba wahunzi hawakupelekwa vitani kwa kuwa walikuwa na thamani, ndiyo maana uzao wao ukabaki. Hadithi hiyo inapendeza masikioni, ila majeshi ya wapanda farasi yalisafiri na wahunzi wao. Lazima awepo wa kuwavisha farasi chuma njiani.

Wala jina hili haliongozi kila mahali. Linaongoza Uingereza, Uskoti, Australia na Marekani, ambako sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu 2,442,977 wenye jina la Smith. Wales anaongoza Jones, kwa kuwa huko watu waliendelea kwa muda mrefu kuitwa kwa jina la baba, karibu na desturi yetu. Ayalandi anaongoza Murphy.

"Smith ni kutoka neno la kupiga"

Kwa kuwa mhunzi hupiga chuma, na Kiingereza kina neno "smite" la kupiga, watu wameunganisha mawili hayo. Wataalamu wa lugha hawakubaliani nao. Neno la kale, "smið", lilimaanisha mtu mwenye ustadi wa kutengeneza vitu. Ndugu yake wa Kiaislandi, "smiður", hadi leo hutumika hata kwa seremala, ukitanguliza tu neno la mti. Kiswahili kina neno linalolingana nalo vizuri: fundi.

"Smythe ndiyo ya watu wakubwa, Smith ya makabwela"

Tahajia ya Kiingereza haikuwa imetulia zamani. Herufi i na y zilipokezana, na karani aliandika alivyosikia. Shakespeare mwenyewe, katika saini zake 6 zinazojulikana, hakushika tahajia moja. Baadaye baadhi ya familia ziling'ang'ania Smythe ili zitofautike na umati, lakini mhunzi ni yuleyule.

"Anayeitwa Smith ana asili ya Uingereza"

Mwaka 1465, bunge la Ayalandi chini ya mfalme Edward wa Nne lilipitisha sheria kwa Waayalandi walioishi miongoni mwa Waingereza katika maeneo ya Dublin, Meath, Louth na Kildare: wachukue majina ya Kiingereza, ama ya mji, ama ya rangi, ama ya kazi. Smith limo katika mifano iliyotajwa ndani ya sheria hiyo. Baadaye, katika kaunti ya Cavan, wengi wa akina Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, walikuja kuandikwa Smith. Jina lilitafsiriwa, na mwenye jina akaonekana Mwingereza.

Hali kama hiyo iliwapata wahamiaji wa Marekani, kwa sababu wahunzi wako kila taifa: Schmidt wa Kijerumani, Kovács wa Hungaria, Kowalski wa Polandi, Herrero wa Hispania. Ferrari tunalolijua kwa magari ni la wahunzi wa Italia, na Haddad, ambalo watu wa pwani wanalitamka kila wanaposoma ratibu, yaani nyiradi, ya Imam Abdallah al-Haddad wa Tarim, Yemen, ni mhunzi kwa Kiarabu. Baadhi ya akina Schmidt walijigeuza kuwa Smith, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jina la Kijerumani lilipokuwa mzigo. Si kweli kwamba maofisa wa kisiwa cha Ellis, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ndio waliowabadilishia. Wao walifuata orodha zilizoandikwa na kampuni za meli tangu bandari ya kuondokea.

Kisha kuna watu weusi. Katika sensa hiyo ya 2010, takriban 23 kati ya kila 100 wenye jina la Smith Marekani walikuwa weusi. Hapo pia kuna dhana nyingine, kwamba kila mtumwa aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake wa mwisho. Wapo waliofanya hivyo. Wengine walichukua jina la bwana wa zamani zaidi ili ndugu waliouzwa mbali waweze kuwapata, wengine walikuwa na majina yao waliyoitana wenyewe kabla ya uhuru wa 1865, na wengine walijichagulia. Kumwambia mtu kama huyo kwamba jina lake linaonyesha alikotoka ni kumnyang'anya historia yake mara ya pili.

"Ukoo wa Smith una nembo yake"

Mitandaoni na kwenye maduka ya watalii wanauza ngao yenye simba na mikanda, chini imeandikwa Smith. College of Arms ya London, iliyopewa hati na mfalme mwaka 1484 na inayosimamia nembo hizo, inaeleza wazi kwamba nembo hupewa mtu, kisha hurithiwa na uzao wake halali. Haipewi jina. Wako akina Smith kadhaa waliowahi kupewa nembo, kila mmoja yake, na anayeinunua dukani hutundika ukutani nembo ya familia ambayo, kwa uwezekano mkubwa, haihusiani naye kwa lolote.