Msimbo uliouchukua kwenye Git: dhana potofu na ukweli

Dhana: Komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa kwenye Git) yenye jina la fulani imeandikwa na fulani.
Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, haimwombi mtu kitambulisho. Jina na baruapepe unajiandikia mwenyewe kwenye mipangilio. Ukijiita Linus Torvalds, mwasisi wa Git yenyewe, itakubali bila kuguna. Tarehe 28 Machi 2021 seva ya git.php.net ilipokea komiti mbili zenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia: moja kwa jina la Rasmus Lerdorf, mwasisi wa lugha ya programu PHP, nyingine kwa jina la Nikita Popov, mmoja wa watengenezaji wake. Si huyu wala yule aliyezituma. Ya kwanza ilijifanya inasahihisha kosa la tahajia. Zilinaswa kabla ya kuingia katika toleo lolote, na mradi ukahamia GitHub, huduma ya kuhifadhi miradi ya Git.

Dhana: Nimepakua kwa HTTPS kutoka seva rasmi, basi.
HTTPS inalinda njia ambayo data inapita. Seva yenyewe ikishaingiliwa, utaletewa ubovu salama salimini.

Dhana: Hashi inatosha.
Hashi, namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, inathibitisha kwamba hayajabadilika. Nani kayaandika, haijui. Ina nguvu pale tu ulipoipata kwa njia nyingine unayoiamini. Wengi huogopa udhaifu wa SHA-1, njia ya kukokotoa hashi, tangu taasisi ya utafiti CWI ya Amsterdam na Google walipotoa PDF mbili tofauti zenye hashi moja mwaka 2017. Naona hofu hiyo imekuzwa: kuanzia toleo 2.13, Git hutumia SHA-1 iliyoongezewa uwezo wa kugundua hila ya aina hiyo.

Dhana: Tagi ya toleo, yaani lebo inayoelekeza kwenye komiti fulani, haihami.
Inahama. Machi 2025, tagi za tj-actions/changed-files, zana inayotumiwa na miradi mingi kwenye GitHub, zilielekezwa kwenye komiti ovu. Waliotaja hashi kamili ya herufi 40 badala ya tagi walisalimika, ila wale walioibadilisha siku hizohizo.

Dhana: Sahihi ya kidijitali ikikubali, msimbo ni salama.
Amri ya `git verify-tag` hujibu swali moja: je, tagi hii imetiwa sahihi kwa ufunguo huu? Kwamba ufunguo ni wa nani, ni juu yako kuhakikisha, na si kwa kuuchukua kwenye seva ileile unayoitilia shaka. Hata hapo, mwenye ufunguo anaweza kuwa ndiye adui. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili, mwaka 2024 yalikuwa na mlango wa nyuma, nayo yalitiwa sahihi na "Jia Tan", msimamizi halali wa mradi. Sahihi ilikuwa sawa kabisa. Sehemu ya hila ilikaa kwenye faili la build-to-host.m4, lililokuwamo ndani ya tarboli (furushi la msimbo la kupakuliwa) lakini halimo kwenye hazina ya Git. Kulinganisha tarboli na tagi kungelifichua, lakini mafaili yanayozalishwa na Autotools, zana za kuandaa msimbo kwa ujenzi, kwa kawaida hayawekwi kwenye hazina, hivyo faili la ziada la namna hiyo halikumshtua mtu. Aliyelibaini tatizo, Andres Freund, hakuanzia kwenye sahihi wala hashi: aliona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, inachelewa kwa takriban nusu sekunde, akaanza kuchimba.