Dishi ni lako, modemu je? Tunayodanganyana kuhusu intaneti ya setilaiti

Mi nafunga madishi ya intaneti, niko Arusha, kazi nyingi ni kambi na loji za Karatu, Monduli mpaka Loliondo, na kila nikikaa na wateja au mafundi wenzangu nasikia maneno yale yale kuhusu standadi za wazi (kanuni za kiufundi zilizochapishwa, mtengenezaji yeyote anaweza kuzifuata) na mifumo ya kampuni (inayojulikana na kampuni yenyewe tu), mengi sio kweli na yanawala watu hela.

Dhana: dishi ni dishi, ukihama kampuni unahama nalo

Dishi kweli unahama nalo, na nguzo, na waya, mara nyingi hata LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi). Inayogoma ni modemu, kile kiboksi cha ndani kinachogeuza mawimbi kuwa intaneti. Nina mteja mwenye kambi ya mahema, kampuni iliyokuwa inamuuzia intaneti ikabadilisha mitambo ya kituo chao kikuu, basi modemu zake zote nne zikabaki zinawaka taa tu, hazina wa kuongea naye, na kambi imejaa wageni. Iliniuma sana maana mi ndo nilizifunga na sikuwahi kumweleza hatari hiyo.

Iko hivi. Modemu inaongea njia mbili. Njia ya kushuka, yani kutoka setilaiti kuja kwako, kampuni nyingi hata zile zinazojifungia zinatumia DVB-S2, standadi ya wazi ya familia ya DVB (zile za kurushia TV ya dijitali) ambayo ETSI, taasisi ya standadi za mawasiliano ya Ulaya, waliichapisha 2005. Njia ya kupanda, unapotuma wewe, hapo ndo kila mtu na lugha yake. Standadi ya wazi ipo, DVB-RCS, tangu mwaka 2000, baadae likaja toleo la pili, RCS2. Hughes, watengenezaji wa modemu wa Marekani, wakaja na ya kwao, IPoS, wakaipeleka TIA, chama cha sekta ya mawasiliano kule Marekani, ikapitishwa kuwa standadi 2003, iDirect, watengenezaji wengine, nao wakabaki na ya kwao. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "sisi tunatumia DVB" anaweza kuwa hadanganyi, ila amekwambia nusu, muulize na kupanda je?

Dhana: standadi ikiwa wazi modemu yoyote inaingia popote, kama simu na laini

Natamani ingekuwa hivyo. Angalia ving'amuzi, Azam na DStv wote wanarusha kwa familia ya DVB, dishi la Azam linatazama nyuzi 7 mashariki na la DStv nyuzi 36 (ndo maana huku Arusha la DStv linatazama karibu utosini), lakini hata ukiligeuza dishi vizuri kabisa king'amuzi cha huyu hakifungui chaneli za kulipia za yule. Lugha moja, kufuli mbili. Kwenye intaneti pia ndo hivyo, DVB-RCS iliacha mambo kadhaa kila mtengenezaji ajifanyie, mpaka likaundwa kundi la SatLabs kupima kama modemu za watengenezaji tofauti kweli zinaelewana. Na hata zikielewana, mwenye kituo asipoisajili modemu yako haipiti.

Dhana: ya wazi ni bure

Hapana. Nyaraka za ETSI unashusha bila kulipa, ila ndani kuna hataza (haki za uvumbuzi) za watu na mtengenezaji anazilipia.

Dhana: ya wazi ni slo

Hii ina mzizi wa kweli, tusiwaonee wanaoisema. DVB-RCS ya kwanza ilikuwa inakatakata data yako kwenye vipande vya ATM (mtindo wa zamani wa kusafirisha data, sio mashine ya benki), kila kimoja baiti 53 na 5 kati ya hizo ni anwani tu, ukijumlisha na vipande visivyojaa unapoteza bandiwidhi uliyoilipia kwa dola. RCS2 walilirekebisha hilo. Kwa hiyo uliza toleo, usihukumu jina.

Dhana: Starlink wana spidi kwa sababu teknolojia yao ni ya siri

Wenzetu wa Namanga ya upande wa Kenya wanayo tangu 2023 na ni nzuri kweli. Lakini kile kitendo cha ukurasa kuitika haraka kinatokana na umbali, setilaiti zao ziko kama kilomita 550 juu, zile za zamani ziko kilomita 35,786, kwenda na kurudi ni kama nusu sekunde na hamna modemu ya siri itakayopunguza hapo. Na siri yenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin waliuchambua muundo wa mawimbi yao kwa kuyasikiliza tu, wakakuta ni OFDM, njia ya kugawa data kwenye masafa mengi madogo kwa pamoja, ile ile familia ya Wi-Fi na 4G.

Dhana: mfumo uliofungwa ndo salama

Hii ndo inaniogopesha kuliko zote. Tarehe 24 Februari 2022 wavamizi waliingia kwenye mtandao wa kusimamia modemu za KA-SAT, setilaiti ya intaneti ya kampuni ya Viasat ya Marekani, wakatuma amri za kufuta kumbukumbu, modemu maelfu kwa maelfu Ulaya zikafa, na Ujerumani mitambo ya upepo kama 5,800 ikakosa mawasiliano ya kuisimamia toka mbali. Ila pia usikimbilie kusema ya wazi basi ndo salama, mtafiti James Pavur wa Chuo Kikuu cha Oxford alionyesha 2020 kwamba kwa vifaa vya TV vya kama dola 300 unaweza kusoma data za meli zinazoshuka toka setilaiti, kwa sababu tu waliokuwa wanazituma hawakuzifunga kwa msimbo. Usalama ni kufunga data na kulinda mlango wa usimamizi, standadi iwe ya nani.

Saivi kabla sijapanda juu ya paa namwambia mteja adai kwenye mkataba, kwa maandishi: njia ya kupanda inatumia standadi gani na toleo gani, nani mwingine Tanzania anaweza kuiwasha modemu hii, na wakibadilisha mitambo yao modemu mpya analipa nani. Hilo la mwisho wauzaji wengi wanalikwepa, ng'ang'ana nalo hapo hapo kabla hujatoa hela.