Namba za kubahatisha za kwanta: watu wanavyosema na mambo yalivyo

Wanasema: kompyuta ya kawaida haiwezi kutoa namba za kubahatisha, hadi ya kwanta (ile inayotumia tabia za chembe ndogo kabisa kama atomu).

Hapo kuna ukweli nusu. Programu ikiwa peke yake inapiga hesabu tu, ukiijua mbegu (namba ya kuanzia) unajua na zinazofuata zote. Mersenne Twister, kanuni ya kutoa namba ya mwaka 1997 ambayo hata lugha ya programu ya Python inaitumia, kusanya matokeo yake 624 mfululizo na utataja linalofuata bila kukosea. Kwa gemu poa, kwa funguo za siri za kulinda data balaa. Ndio maana simu na kompyuta zinaokota mbegu kwenye kelele za vifaa vyenyewe (vijibadiliko vidogo visivyotabirika). Mbegu zikiwa chache umekwisha: mwaka 2006 kuna mistari ya programu ilifutwa kwenye OpenSSL (programu ya kutengeneza funguo) ya Debian, aina ya Linux, mpaka inashtukiwa Mei 2008 funguo zilikuwa zinatoka kwenye mbegu 32,767 tu, na kwa macho zilionekana safi kabisa.

Wanasema: zikipita testi, basi ni za kubahatisha kweli.

Hii ndio inaniudhi kuliko zote. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ina testi zake 15, zinaangalia kama sifuri na moja zinalingana, kama kuna mfululizo mrefu kupita kiasi, vitu kama hivyo. Sasa chukua tarakimu za pai uzigeuze biti (sifuri na moja), zinapita vizuri tu, na dunia nzima inazijua! Testi inakamata namba mbovu, haikuambii nani mwingine ana kopi.

Wanasema: kyubiti (biti ya kompyuta ya kwanta) inatoa 50 kwa 50, fizikia imeshamaliza.

Kwenye karatasi, sawa. Kwenye mashine zile za kupozwa hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa, moja inaweza kuporomoka ikawa sifuri kabla haijasomwa, kwa hiyo sifuri zinazidi. Dawa ya zamani ni ya mwanahisabati John von Neumann, 1951: soma biti mbili mbili, 01 andika 0, 10 andika 1, 00 na 11 tupa. Yaani 00 10 11 01 00 10 inabaki 101, biti 12 zimekuwa 3, na hapo bado inabidi kila biti isitegemee mwenzake la sivyo dawa haifanyi kazi.

Wanasema: basi hamna namna, unaiamini tu kampuni yenye mashine.

Namna ipo. Mtaalamu wa kompyuta za kwanta Scott Aaronson alileta wazo 2018, na Machi 2025 benki ya JPMorganChase na Quantinuum, kampuni ya mashine za kwanta, wakatoa majibu kwenye jarida la Nature. Unatuma mafumbo kwa mashine (yao ilikuwa ya ioni, yaani atomu zenye chaji, kyubiti 56) kupitia intaneti na jibu lirudi ndani ya sekunde chache, muda ambao kompyuta ya kawaida haiwezi kuigiza, halafu kompyuta kubwa za Marekani zinakagua baadhi ya majibu taratibu. Walithibitisha biti 71,313, yaani chini ya kilobaiti 9, picha moja ya WhatsApp inazidi hapo aisee. Na mafumbo yenyewe yanahitaji mbegu ya kubahatisha kuanzia, kwa hiyo hii kazi ni ya kuzikuza, haiziumbi kutoka hewani.

Wanasema: ukitaka namba za kwanta lazima kompyuta ya kwanta.

Hapana. Simu ya Samsung Galaxy A Quantum ya 2020 kule Korea Kusini ilikuwa na kachipu ndani, taa ndogo ya LED na kihisi kinachohesabu fotoni (chembe za mwanga), basi.