Nini maana ya kufuatilia macho ya watoto kwa tafiti za kitaifa?

Ni kuuliza au kupima jambo lilelile, kwa sampuli ya watoto inayowakilisha nchi nzima, kisha kurudia baada ya muda ili ijulikane nani anafikiwa na huduma na nani anaachwa. Msomaji wa takwimu hizo aanze na swali moja: nani aliyejibu?

Marekani wana njia mbili. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Watoto hufanyika kila mwaka tangu 2016. Ofisi ya Sensa huziandikia kaya barua, na mzazi au mlezi hujaza dodoso kuhusu mtoto mmoja mwenye umri usiozidi miaka 17. Huulizwa kama mtoto amepimwa macho kwa picha, maumbo au herufi, na kama ni kipofu au anapata shida kuona hata akivaa miwani.

Swali la kwanza linapima huduma, si macho. Aliyepimwa akaambiwa anahitaji miwani, asiipate, anahesabiwa sawa na mwenye macho mazima. La pili lina udhaifu mkubwa zaidi, kwani mzazi hutaja anachokiona. Mwenye jicho vivu, ambaye ubongo wake hupuuza picha ya jicho moja, hajikwai wala halalamiki, maana jicho zuri linabeba kazi yote. Mama atajibu kwa moyo mweupe kwamba mwanawe anaona vizuri. Ndiyo sababu wataalamu huko wanapendekeza kila mtoto apimwe walau mara moja kati ya miaka 3 na 5, na kwangu swali la huduma, pamoja na upungufu wake, lina faida kuliko lile la shida ya kuona.

Njia ya pili ni kupima kwa vifaa. Utafiti wa Kitaifa wa Afya na Lishe, uitwao kwa kifupi NHANES, huzunguka na matrela ya uchunguzi, na kati ya 1999 na 2008 ulipima uwezo wa kuona. Kwa kulinganisha vipimo hivyo na vya awali iligundulika kwamba kutoona mbali, kwa watu wa miaka 12 hadi 54, kulipanda kutoka asilimia 25 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi karibu 42 mwaka 1999–2004. Lakini upimaji ulianzia miaka 12, umri ambao jicho vivu limekwisha kuwa gumu kutibika.

Kwetu Afrika Mashariki pengo ni pana zaidi. Tafiti za haraka za upofu unaoepukika huhesabu wenye miaka 50 na kuendelea, na zile za demografia na afya kwa kawaida huuliza kama mtoto amepewa matone ya vitamini A, inayokinga macho, bila kumpima macho yenyewe. Kuwaongeza watoto humo si rahisi: upofu wa utotoni ni nadra, hata mtoto mmoja kati ya 500 hafiki, hivyo sampuli ya kaya elfu chache ingewapata wachache mno. Watafiti kadhaa wameamua kuwatumia watu wanaokijua kijiji nyumba kwa nyumba, wawataje watoto wanaoshukiwa hawaoni, kisha daktari awachunguze.