Kwa nini shahidi hukumbuka panga na kusahau sura?

Tuseme saa kumi alfajiri mama muuza dagaa anatoka Mwanga kwenda mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Vijana wawili wanamzuia njiani, mmoja ameshika panga. Siku ya tatu atakueleza panga lile mpaka mpini wake uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Muulize sura ya aliyelishika: anababaika. Wala hadanganyi.

Hofu ikipanda, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, na macho huganda kwenye kitu kinachoweza kuua. Kinachokodolewa macho hunasa. Sura, nguo, kijana wa pili, vyote hivyo huenda havikuingia kichwani tangu mwanzo. Ukimbana shahidi "akumbuke vizuri", ataziba pengo kwa kukisia bila kujijua, kisha atayaamini makisio yake.

Mwaka 2009 watafiti Valentine na Mesout walichapisha jaribio walilofanya London kwa watu 56 waliozuru jumba la vitisho. Ndani walikutana na mwigizaji wa kutisha, baadaye wakaambiwa wamtambue kwenye picha. Walioogopa zaidi, asilimia 17 tu walimpata. Walioogopa kidogo, asilimia 75.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitahadharisha kuhusu ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho katika shauri la Waziri Amani, 1980. Shahidi alimwona mtu kwa muda gani? Kwa umbali gani? Alikuwa akimfahamu kabla? Kusema "taa ilikuwepo" hakutoshi. Ielezwe ni taa gani, ilikuwa wapi na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani.

Kwa hiyo saa za mwanzo ni za thamani kubwa, na hapo ndipo majirani wema huharibu. Kila anayefika anauliza, "Si yule mrefu wa kule juu?" Jina likishatajwa, halitoki tena. Mwacheni mama asimulie mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa, na maneno yake yaandikwe yalivyo. Swali liwe "Alikuwaje?" Kama mashahidi ni wawili, kila mmoja aeleze peke yake kabla hawajazungumza. Asionyeshwe picha ya mtu kwenye simu: siku ya gwaride la utambulisho, pale polisi wanapompangia watu mstarini amwonyeshe mhalifu, anaweza kunyoosha kidole kwa sura aliyoiona kwenye simu, akidhani ndiyo ya alfajiri ile.