Kazuali: shabiki mkorofi asiyevaa jezi

Vurugu za mashabiki zikitokea Ulaya, magazeti yetu huandika "wahuni". Neno hilo linamchorea msomaji kijana mchafu, shati nje, pombe kichwani. Kazuali wa Uingereza humkuti katika picha hiyo. Alikuwa nadhifu, nywele zimechanwa, na sweta lake huenda lilikuwa la bei kuliko koti la baba yake la harusini.

Kazuali ni kijana, mara nyingi wa mitaa ya wafanyakazi, aliyekwenda mechini bila skafu wala rangi za timu yake, akiwa amevaa nguo ghali za michezo, na ambaye kundi lake lilitafuta kundi la wapinzani wapigane. Si kila aliyevaa hivyo alirusha ngumi. Wengine walipenda nguo tu. Kwetu tuliozoea uwanja kugawanyika nyekundu na kijani siku ya Simba na Yanga, shabiki wa damu asiyevaa rangi ni kitendawili.

Jibu liko kwa waliomtangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwepo maskinhedi: kichwa kimenyolewa, buti za Dr. Martens, suruali fupi iliyoshikwa na mikanda ya mabegani. Walicheza ska na rege, muziki wa majirani zao waliotoka Jamaika, jambo linalosahaulika kwa sababu baadaye baadhi yao walizama katika siasa za ubaguzi. Vazi lao lilikuwa la kibarua lililotiwa chumvi, na lilikuwa na kasoro moja kubwa: lilipiga kelele. Polisi alizitambua buti hizo kutoka ng'ambo ya barabara.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yakageuka, hasa Liverpool. Timu yao ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1977, ikarudia 1978 na tena 1981, na kila safari ilikuwa na vijana nyuma yake. Huko kwenye bara la Ulaya walikuta raba za Adidas ambazo kwao hazikuuzwa, pamoja na Lacoste, Fila na Sergio Tacchini. Nyingine walinunua, nyingine ziliondoka dukani bila risiti. Nyumbani bandari na viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Kijana asiye na ajira alipata heshima mtaani kwa kuvaa raba ambayo mwenzake hajawahi kuiona. Manchester nao walikuwa na mtindo wao, London vilevile, na kila mji mpaka leo unadai ndio ulioanza. Jina kazuali, lenye maana ya vazi lisilo rasmi, lilikuja kuwafunika wote baadaye.

Kisha ikagundulika faida nyingine. Polisi walikuwa wanatafuta skafu, kwa hiyo mwenye sweta la gofu alipita. Kundi la mashabiki wa West Ham, klabu ya London, liliitwa Inter City Firm kwa sababu lilipanda treni za kawaida za abiria, zilizoitwa InterCity, likiziacha treni maalumu za mashabiki zilizosindikizwa na polisi. Liliwaachia waliopigwa kadi ndogo, kama za wafanyabiashara, zikiwapongeza kwa kukutana nalo. Ndiyo, kupongezwa.

Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel, Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa. Klabu za Uingereza zilifungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, Liverpool sita. Tangu hapo kila shabiki alionekana mshukiwa. Katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mwaka 1989, msongamano ulisababisha vifo vya watu 97, na polisi wakawasingizia mashabiki. Ilichukua hadi 2016 baraza la wazee wa mahakama kutamka kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Nadhani hapa ndipo neno "wahuni" linapokuwa hatari kuliko sweta lolote.

Kamera, viti vya kukaa na amri za mahakama za kuwazuia watu viwanjani vilipunguza sana mapigano ndani ya viwanja. Nguo zikabaki. Beji ya chapa ya nguo ya Stone Island kwenye mkono wa koti ikawa alama inayojulikana na kila askari, na baadhi ya baa zilianza kuwazuia mlangoni waliovaa Burberry, kama walivyozuiwa zamani wenye buti.