Kipengele cha tuzo: kwa nini injili ya roki haina chake kwenye Grammy

Kipengele cha tuzo ni kundi la kazi zinazoshindanishwa kwa vigezo vilivyoandikwa: mtindo wa muziki, kipindi kazi ilipotoka, na kama ni wimbo mmoja au albamu nzima. Muziki usio na kipengele chake unaruhusiwa kushindana, ila utawekwa kundi moja na muziki wa mtindo mwingine, na wapiga kura wengi watakuwa wapenzi wa huo mwingine.

Mfano ulio wazi ni roki ya Kikristo nchini Marekani. Kuanzia 1991 hadi 2011 tuzo za Grammy zilikuwa na kipengele cha albamu ya injili yenye roki, ambacho jina lake lilibadilika mara kadhaa na baadaye kikaijumuisha rap. Bendi ya Petra ilikichukua mwaka wa kwanza kwa albamu ya Beyond Belief, na bendi ya Switchfoot ikakifunga mwaka wa mwisho kwa Hello Hurricane. Aprili 2011 Recording Academy, wenye tuzo hizo, walipunguza vipengele vyote kutoka 109 hadi 78. Albamu za injili zilikuwa na vipengele vitano. Vikabaki viwili, kimoja cha gospel, hasa injili ya makanisa ya Wamarekani weusi, na kimoja cha muziki wa Kikristo wa kisasa. Tangu hapo bendi yenye magitaa mazito inapimwa pamoja na albamu za kuabudu zinazoimbwa kila Jumapili makanisani. Kwa haki, mlango haukufungwa kabisa: mwaka 2013 Lecrae, ambaye ni rapa, alishinda Albamu Bora ya Gospel kwa Gravity.

Kinachoua kipengele mara nyingi ni hesabu. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2011 zilitaka kila kipengele kipate kazi za wasanii tofauti wasiopungua 40. Zikiwa kati ya 25 na 39, wanateuliwa watatu tu. Zikipungua 25, tuzo haitolewi mwaka huo na kazi zinahamishiwa kipengele cha jirani. Hali hiyo ikijirudia miaka mitatu mfululizo, kipengele kinafutwa. Zingatia neno wasanii tofauti: mwimbaji mmoja hawezi kukiokoa kipengele kwa kutoa kazi nyingi. Na hapa ndipo aina ndogo za muziki hujidhuru zenyewe. Bendi zake kubwa, zikitafuta heshima pana zaidi, hujiandikisha kwenye roki au metali (roki nzito) ya kawaida, hesabu ya nyumbani inashuka, na wadogo waliobaki wanakosa pa kushindania.

Kipengele kipya, au kilichofutwa, huombwa kwa pendekezo la maandishi kutoka kwa mwanachama wa Academy. Kamati ya tuzo na uteuzi hulijadili, kisha bodi ya wadhamini huamua. Pendekezo lenye nguvu lina mambo matatu: maelezo ya mtindo ambayo mchujaji, yaani anayepanga kazi kwenye vipengele, asiyeujua anaweza kuyatumia akisikiliza, orodha ya albamu za miaka ya karibuni kutoka kwa wasanii wa kutosha, na sababu ya kwamba vipengele vilivyopo havitoshi. Hilo la kwanza ndilo huangusha wengi. Ukiandika tu kwamba ni roki yenye maneno ya Kikristo, kamati itauliza kwa nini isibaki kwenye kipengele cha Kikristo kilichopo, na swali hilo ni la haki kabisa. Eleza ala, uimbaji, mpangilio wa sauti na chimbuko.

Njia iliyokwisha kufanikiwa ni ya kuungana. Southern gospel, yaani injili ya makundi ya sauti nne ya kusini mwa Marekani, ilipoteza kipengele chake katika punguzo lilelile, pamoja na injili ya country na bluegrass (muziki wa banjo na fidla). Kwenye Grammy za 2015 mitindo hiyo ilirudi chini ya kipengele kimoja, Best Roots Gospel Album (Albamu Bora ya Injili ya Asili), na mshindi wa kwanza akawa mwimbaji Mike Farris. Kila mtindo peke yake ni mdogo, lakini kwa pamoja albamu zinapatikana. Roki, metali na hardcore (punk kali) ya Kikristo zingefaa kufikiria hivyo hivyo badala ya kila moja kudai chake.

Wakati huohuo albamu lazima ziendelee kuandikishwa, na nyingine hukwama kwa mambo madogo. Kwa kanuni za miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 75 ya muda wa albamu iwe imerekodiwa upya, kwa hiyo mkusanyiko wa nyimbo za zamani haukubaliwi. Iwe na angalau nyimbo tano tofauti na ifike dakika 15, au ifike dakika 30 bila kujali idadi ya nyimbo. Tarehe hubadilika kila mwaka: kwa Grammy za 2025, kazi ilipaswa kutoka kati ya 16 Septemba 2023 na 30 Agosti 2024. Albamu iliyotoka wiki moja baadaye iliingia kwenye hesabu ya mwaka uliofuata.